Kabla ya Kununua Dawa ya Usingizi: Kuyatambua Matatizo ya Usingizi na Dalili Zake

Utangulizi

Miongoni mwa maombi yanayosikika mara kwa mara katika famasi na maduka ya dawa ni hili: "Naomba dawa ya usingizi." Ombi ni fupi, na aghalabu hujibiwa kwa ufupi uleule. Mteja hulipa, hupewa vidonge katika kibahasha cha karatasi, na kuondoka. Hakuulizwa iwapo usingizi humkataa tangu anapopanda kitandani, au huja kisha ukakatika usiku wa manane, au hulala usiku kucha kama pono na bado akaamka amechoka. Hizo ni hali tatu tofauti, na dawa inayomfaa mmoja yaweza kumdhuru mwingine.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida wa dawa na vifaa tiba. Msingi wake ni mmoja: kukosa usingizi ni dalili, kama vile homa ilivyo dalili. Siku hizi wengi wetu tumekwisha kujifunza kwamba si kila homa ni malaria, na kwamba kipimo hutangulia dawa. Utaratibu huohuo unapaswa kufuatwa katika matatizo ya usingizi.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:
(a) kueleza usingizi wa kawaida ulivyo;
(b) kutambua dalili za matatizo makuu ya usingizi;
(c) kujua hatari za dawa zinazotumiwa kuleta usingizi, na
(d) kuuliza maswali sahihi kabla ya kununua.

1. Usingizi wa kawaida

Usingizi si kuzimika kwa mwili. Kila usiku mtu hupitia mizunguko minne hadi sita, na kila mzunguko huchukua takribani dakika 90. Ndani ya mzunguko mmoja kuna usingizi mwepesi, usingizi mzito, na kipindi cha ndoto ambapo macho huchezacheza chini ya kope huku misuli ya mwili ikilegea. Kuamka kidogo kati ya mzunguko na mzunguko ni jambo la kawaida. Wengi hawakumbuki asubuhi. Hivyo, mtu anayegutuka mara moja au mbili usiku na kulala tena hana ugonjwa.

Mahitaji ya usingizi hutofautiana kwa umri. Kwa siku nzima yenye saa 24, wataalamu hupendekeza viwango vifuatavyo:

Mtoto wa miezi 4 hadi 12: saa 12 hadi 16
Mtoto wa mwaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14
Mtoto wa miaka 3 hadi 5: saa 10 hadi 13
Mtoto wa miaka 6 hadi 12: saa 9 hadi 12
Kijana wa miaka 13 hadi 18: saa 8 hadi 10
Mtu mzima: saa 7 au zaidi

Kwa watoto wadogo, hesabu hiyo inajumuisha usingizi wa mchana. Wazee huhitaji takribani sawa na watu wazima wengine, ila usingizi wao huwa mwepesi na hukatika kwa urahisi.

Mwili huongozwa na saa yake wenyewe iliyomo ndani ya ubongo. Saa hiyo hurekebishwa hasa na mwanga. Giza linapoingia, ubongo huanza kutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuarifu mwili kwamba usiku umefika. Mwanga mkali wa taa au wa simu karibu na macho huchelewesha taarifa hiyo.

2. Matatizo makuu na dalili zake

2.1 Ugonjwa wa kukosa usingizi

Huyu ni mtu anayejilaza, akapinduka huku na huku, asipate hata lepe la usingizi. Au akapata usingizi wa mang'amung'amu usioburudisha. Au akaamka saa nane ya usiku na kukodoa macho hadi alfajiri. Wataalamu huita hali hii sugu inapotokea angalau siku 3 kwa wiki, kwa muda wa miezi 3 au zaidi, na kuathiri shughuli za mchana.

Sharti moja husahaulika: mtu huyo awe na nafasi ya kutosha ya kulala. Anayelala saa tano kwa sababu muziki wa baa ya jirani hauzimwi, au kwa sababu hurudi kazini saa sita usiku na kuondoka saa kumi na moja alfajiri, hana ugonjwa wa usingizi. Amenyimwa usingizi, na hakuna kidonge kinachoweza kumrejeshea saa asizokuwa nazo.

Kukosa usingizi mara nyingi huanza na sababu inayoeleweka, kama msiba, deni, mtihani au maradhi. Sababu huondoka, lakini mazoea yaliyoanza wakati huo hubaki: kuingia kitandani mapema mno, kulala mchana ili kufidia, kutazama saa kila mara, na kuiogopa jioni inapokaribia. Kitanda chenyewe hugeuka kuwa mahali pa mahangaiko.

2.2 Kukatika kwa pumzi usingizini

Tatizo hili huwa halionekani na mgonjwa mwenyewe. Anapolala, njia ya hewa kwenye koo hulegea na kuziba. Pumzi husimama kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hushuka, ubongo hushtuka, mtu hukoroma kwa nguvu au kukweua hewa kama anayepaliwa, kisha hulala tena bila kukumbuka. Pumzi zinazokatika au kupungua mara 5 kwa saa huhesabiwa kuwa si kawaida kwa mtu mzima. Mara 30 kwa saa au zaidi ni hali kali.

Dalili za usiku ni kukoroma kwa sauti kubwa, vituo vya kimya katikati ya mkoromo, kugutuka ukihema, na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Dalili za mchana ni kuamka na kichwa kinachouma na kinywa kikavu, kusinzia kwenye kiti, kusahausahau na hasira za karibu. Hatari huongezeka kwa wenye uzito mkubwa, shingo nene, umri wa zaidi ya miaka 50, na shinikizo la damu. Shinikizo lisiloshuka licha ya kutumia dawa kadhaa ipasavyo ni sababu nzuri ya kumwuliza daktari kuhusu pumzi za usiku.

Shahidi mkuu wa ugonjwa huu ni anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Katika jamii zetu kukoroma huchekwa, na wakati mwingine huchukuliwa kuwa ishara ya usingizi mnono. Mkoromo unaokatika ghafla kisha kurudi kwa kishindo si wa kuchekwa.

Watoto nao hupatwa. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala kinywa wazi, anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au asiyetulia darasani, huenda ana mafindofindo makubwa au nyama za pua zinazoziba hewa. Watoto wenye selimundu wanahitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa kushuka kwa oksijeni usiku kuna madhara makubwa kwao.

2.3 Miguu isiyotulia

Mgonjwa huhisi kama wadudu wanamtambaa ndani ya miguu, au kuwashwa, kuvutwa au kufukuta kusikoelezeka vizuri. Dalili nne huutambulisha ugonjwa huu: kuna hamu kubwa ya kuichezesha miguu, huanza au kuzidi mtu anapopumzika, hupungua anapotembea au kujinyoosha, na huwa mbaya zaidi jioni na usiku.

Upungufu wa akiba ya madini ya chuma mwilini ni chanzo kinachojulikana, na ndiyo maana hali hii huonekana kwa wajawazito, kwa wanaopoteza damu nyingi wakati wa hedhi, na kwa wenye maradhi ya figo. Damu yaweza kupimwa ili kujua kiwango cha akiba hiyo. Aliyeandikiwa vidonge vya madini ya chuma asivimeze pamoja na chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo kufyonzwa.

2.4 Kuvurugika kwa saa ya mwili

Walinzi, wauguzi, madereva wa masafa marefu na wafanyakazi wa viwandani hulala wakati mwili unataka kuamka, na kuamka wakati unataka kulala. Hupata usingizi mfupi wa mchana na husinzia kazini usiku. Katika mwezi wa Ramadhani pia ratiba ya kula na kulala hubadilika, na wengine huhitaji siku kadhaa kurudi katika hali yao baada ya mfungo. Hapa tiba ya kwanza ni kupanga mwanga na giza: chumba chenye giza wakati wa kulala, mwanga wa kutosha wakati wa kazi, na zamu zisizobadilishwa ovyo.

2.5 Usingizi wa ghafla usiozuilika

Ugonjwa uitwao narkolepsi ni wa nadra, nao mara nyingi huanza katika ujana. Mgonjwa hushikwa na usingizi akiwa anakula, anaandika au anazungumza, hata kama alilala vya kutosha usiku. Baadhi yao hulegea magoti au kudondoka ghafla wanapocheka au kushtuka, huku wakiwa na fahamu zao kamili. Mwanafunzi wa namna hii huitwa mvivu na kuadhibiwa, ilhali ubongo wake umepungukiwa na kemikali inayomweka mtu macho.

2.6 Jinamizi, kuweweseka na kutembea usingizini

Watu wengi huamka wakiwa wanaona na kusikia, lakini hawawezi kuinua hata kidole. Baadhi huhisi uzito kifuani au kiumbe kilichosimama kando ya kitanda. Wazee wetu husema mtu "amekabwa na jinamizi". Kitaalamu, ubongo umeamka kabla misuli haijaachiliwa kutoka katika ulegevu wa kipindi cha ndoto. Hali hiyo hupita ndani ya sekunde au dakika chache, na hutokea zaidi kwa mtu aliyekosa usingizi au anayelala chali. Haiui, wala si ushahidi wa kurogwa na jirani.

Kutembea na kulia usingizini huonekana zaidi kwa watoto, na wengi huacha wanapokua. Jambo la msingi ni usalama: funga milango, ondoa jiko na vitu vyenye ncha kali njiani, mrudishe mtoto kitandani kwa upole. Mtu mzima anayeanza kupiga ngumi, mateke au kuruka kitandani akitekeleza ndoto zake apelekwe kwa daktari.

2.7 Maradhi mengine yanayojificha nyuma ya usingizi

Sonona, wasiwasi, pumu, maumivu sugu, kisukari kinacholeta mkojo wa usiku, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huharibu usingizi. Dawa zinazotibu maradhi mengine zaweza kufanya hivyo pia: prednisoloni ikimezwa jioni, vidonge vya kupunguza maji mwilini vikimezwa usiku, na kwa baadhi ya watu dolutegravira katika matibabu ya VVU. Usiache dawa yoyote kati ya hizo kwa sababu ya usingizi. Mwulize mtoa huduma iwapo saa ya kumeza inaweza kuhamishiwa asubuhi.

Kwa wanaoishi au kufanya kazi karibu na hifadhi na mapori yenye mbung'o, kama wafugaji na warina asali, kuna ugonjwa wa malale. Huanza na homa, maumivu ya kichwa na viungo. Vimelea vinapofika kwenye ubongo, mgonjwa hulala mchana, hukesha usiku, na huchanganyikiwa. Aina inayopatikana Afrika Mashariki huenda kwa kasi na huweza kuua ndani ya wiki au miezi. Ugonjwa huu hutibika ukigunduliwa.

3. Wateja watatu na kidonge kimoja

Tuchukue mfano wa kufundishia. Wateja watatu wanafika katika duka moja jioni moja, na kila mmoja anasema kwamba hana usingizi mzuri. Muuzaji anawapa wote promethazini, dawa ya mzio inayosinziza.

Wa kwanza ni dereva wa basi, mwenye umri wa miaka 52 na mwili mkubwa. Anasinzia mchana, na mkewe amehamia chumba cha watoto kwa sababu ya mkoromo. Tatizo lake ni pumzi kukatika. Dawa zinazosinziza huweza kuikandamiza pumzi ambayo tayari ina shida, na mabaki yake huwa bado mwilini anapokamata usukani alfajiri. Abiria wake hawajui lolote.

Wa pili ni mama mwenye ujauzito wa miezi saba. Miguu inamtambaa kila anapolala, naye hutembea uani hadi saa saba ya usiku. Tatizo lake ni miguu isiyotulia. Dawa za mzio zinazosinziza, ikiwemo promethazini na klorofeniramini ambayo wengi huiita piritoni, zinajulikana kuuzidisha ugonjwa huu. Usiku unapokuwa mbaya zaidi, anaongeza kidonge. Alichohitaji ni kipimo cha damu katika kliniki yake ya wajawazito.

Wa tatu ni mwalimu mstaafu, mjane wa miezi mitano. Anaamka saa tisa usiku, hana hamu ya chakula, wala hafurahii tena kuonana na wajukuu. Tatizo lake huenda ni sonona. Kwa umri wake, dawa hiyo yaweza kumletea kizunguzungu, kuchanganyikiwa, haja kubwa ngumu, na kuanguka anapokwenda msalani. Mfupa wa nyonga ukivunjika, maisha yake hayatakuwa yaleyale. Huzuni yake, kwa upande mwingine, itakuwa palepale.

Hakuna kati yao aliyedanganywa kuhusu jina la dawa, wala dawa hiyo si bandia. Walikosa kuulizwa, nao hawakujua la kueleza.

4. Dawa na bidhaa zinazotumiwa kuleta usingizi

Diazepamu na jamaa zake. Dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Zina matumizi halali, lakini mwili huzizoea ndani ya wiki chache: kidonge kimoja huwa hakitoshi tena, na bila hicho usingizi hukataa kabisa. Diazepamu hukaa mwilini kwa siku kadhaa, hivyo kipimo cha leo huongezeka juu ya mabaki ya jana. Haifai kwa mwenye tatizo kubwa la pumzi usingizini. Ikichanganywa na pombe, tramadoli au dawa ya kikohozi yenye kodeini, yaweza kusimamisha pumzi. Aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla, kwa maana anaweza kupata degedege. Ipunguzwe hatua kwa hatua chini ya daktari.

Zolpidemu na dawa za kundi lake. Mwaka 2013 mamlaka ya Marekani iliagiza kipimo cha kuanzia cha zolpidemu kwa wanawake kipunguzwe kwa nusu, kwa kuwa dawa ilibaki mwilini asubuhi. Mwaka 2019 mamlaka hiyo iliweka onyo kali zaidi kwenye maelezo ya kundi hili, baada ya watu kutembea, kupika na hata kuendesha gari wakiwa usingizini, na wengine kufariki.

Dawa za mzio zinazosinziza. Hatari zake zimeelezwa katika mfano uliotangulia. Lipo jambo moja zaidi: kamwe mtoto asipewe dawa hizi ili alale na kuwaachia wakubwa nafasi. Promethazini hairuhusiwi kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu imewahi kusababisha vifo kwa kukandamiza pumzi.

Melatonini. Huweza kusaidia pale saa ya mwili ilipovurugika. Tatizo kubwa kwa mtumiaji ni ubora wa bidhaa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 nchini Kanada ulipima bidhaa 31. Kiasi cha melatonini kilianzia asilimia 83 chini ya kilichoandikwa hadi asilimia 478 juu yake. Mwaka 2023, wachunguzi nchini Marekani walipima bidhaa 25 za peremende laini na kukuta 22 zina lebo zisizo sahihi, na moja haikuwa na melatonini yoyote inayopimika. Anayeagiza bidhaa kama hizi mtandaoni azingatie hilo.

Dawa za asili. Baadhi ya mimea husinziza kweli, na kwa sababu hiyohiyo haipaswi kuchanganywa na dawa za hospitali bila ushauri. Nunua kwa mtoa huduma na bidhaa zinazotambuliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Unga usio na jina, uliofungwa katika karatasi, hauwezi kufuatiliwa ukidhuru.

Pombe. Huharakisha kulala, kisha huukata usingizi katika nusu ya pili ya usiku, na huzidisha kukoroma na kukatika kwa pumzi. Pombe si dawa ya usingizi.

5. Hatua za kuchukua

Andika kwanza. Kwa wiki mbili, weka daftari kando ya kitanda na uandike kila asubuhi: saa uliyopanda kitandani; muda uliochukua kulala, kwa kukadiria; mara ulizoamka; saa ya kuamka; kulala mchana; kahawa, chai kali, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe na dawa, pamoja na saa ya kuvitumia. Mwombe unayelala naye aandike kama unakoroma au unakata pumzi. Daftari hilo lina thamani kubwa mbele ya daktari kuliko sentensi "silali vizuri".

Rekebisha mazoea. Amka saa ileile kila siku, hata mwisho wa wiki. Acha kahawa kuanzia mchana. Kafeini iliyonywewa saa sita kabla ya kulala bado inaweza kuupunguza usingizi. Panda kitandani ukiwa na usingizi, si kwa sababu saa imefika. Ukikaa kama dakika 20 bila kulala, inuka, kaa mahali pengine penye mwanga hafifu, urudi usingizi unapokuja. Usiitazame saa.

Ulizia tiba isiyo ya vidonge. Kwa ugonjwa sugu wa kukosa usingizi, tiba inayopendekezwa kwanza ni ya kurekebisha fikra na mwenendo, inayotolewa kwa vikao na mtaalamu wa afya ya akili au daktari aliyefunzwa. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kilishauri watu wazima wote wenye tatizo hili waanze nayo kabla ya dawa.

Pima pumzi. Anayeshukiwa kukatika pumzi amwone daktari wa masikio, pua na koo au wa magonjwa ya ndani. Kipimo cha usingizi hakipatikani kila hospitali, hivyo omba rufaa mapema. Kupunguza uzito na kulala ubavu husaidia baadhi ya watu. Wengine huhitaji mashine inayosukuma hewa puani ili koo lisizibe, tiba iliyobuniwa Australia na Colin Sullivan na kuelezwa kitaalamu mwaka 1981. Mashine hiyo ni kifaa tiba. Mwezi Juni 2021, kampuni ya Philips ilitangaza kuzirejesha mamilioni ya mashine za aina hii kwa sababu povu la kuzuia kelele ndani yake liliweza kuchakaa na kuvutwa na mgonjwa. Kwa hiyo anayepewa au kununua mashine iliyokwisha kutumika ahakikishe kwanza modeli na nambari yake.

6. Unapofika dukani

Mtumiaji ana haki ya kuelezwa kabla ya kulipa. Uliza maswali haya, na usione haya:

(a) Dawa hii inaitwaje, na ni ya kundi gani?
(b) Je, inahitaji cheti cha daktari?
(c) Nitumie kwa siku ngapi, na niache vipi?
(d) Je, inapatana na dawa nyingine ninazotumia, ujauzito au kunyonyesha?
(e) Je, naweza kuendesha gari au bodaboda kesho asubuhi?
(f) Mimi hukoroma sana, je, inanifaa?

Kagua jina la dawa, mtengenezaji, nambari ya toleo na tarehe ya kwisha muda. Kataa vidonge vilivyohesabiwa kutoka kopo na kutiwa bahasha isiyo na maandishi. Dai risiti na uitunze. Ukipata madhara, toa taarifa kituo cha afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa Zanzibar, kwa Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA). Taarifa ya mtu mmoja huweza kuwa ya kwanza kati ya nyingi zinazofichua bidhaa mbovu.

7. Usisubiri ukiona haya

Nenda kituo cha afya mapema iwapo umesinzia ukiendesha chombo cha moto, hata mara moja. Pumzi zako zinakatika usiku. Kukosa usingizi kumeambatana na mawazo ya kujidhuru. Usingizi wa mchana umekuja pamoja na homa na kuchanganyikiwa. Au mtoto anakoroma na kuhangaika kupumua kila usiku. Uchunguzi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hutenda polepole kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Dereva hujiona mzima, lakini mikono na macho yake vimechelewa.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti kati ya mtu mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi na mtu aliyenyimwa nafasi ya kulala.
2. Nani anaweza kugundua kukatika kwa pumzi kabla ya mgonjwa mwenyewe, na kwa dalili zipi?
3. Kwa nini piritoni haimfai mtu mwenye miguu isiyotulia?
4. Ndugu yako ametumia diazepamu kila usiku kwa mwaka mmoja, na sasa anataka kuitupa. Utamshauri nini?
5. Fungua kabati la dawa nyumbani kwako. Je, kuna dawa yoyote ya kusinziza isiyo na jina, au iliyokwisha muda? Irudishe famasi ili ielekezwe namna ya kuteketezwa. Usimpe jirani, hata akikuambia kwamba naye hapati usingizi.